Kufanana kwa ABL na SRC Kulivyotaka Kuniponza

Baba yangu mdogo ana saratani ya damu. Si ile inayomwangusha mtu ndani ya wiki chache, ni ile ya polepole ambayo madaktari huiita kwa kifupi CML. Kila siku baada ya kula anameza dawa yake ya imatinibu, anarudi dukani kwake, na usipoambiwa huwezi kujua kama anaumwa. Muhula uliopita, siku moja kabla ya semina yangu, alinipigia simu jioni nikiwa nimekaa kwenye vimbweta na desa mkononi.

"Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Mama Neema, jirani yetu, kakutwa na saratani ya utumbo mpana. Matibabu yake bado hayajaeleweka. Mimi vidonge ninavyo vya miezi miwili. Nikimgawia nusu si vitamsaidia? Saratani si saratani tu?"

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Semina yangu ya kesho yake ilihusu protini mbili, ABL na SRC. Nilijua imatinibu inazima ABL. Nilijua pia kwamba kwenye saratani nyingi za utumbo mpana SRC hukutwa ikifanya kazi kupita kiasi. Na desa langu lilikuwa limeandika kwa herufi kubwa: ABL NA SRC NI NDUGU WA KARIBU. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani. Nikamjibu, "Inawezekana, baba mdogo. Nipe mpaka kesho nihakikishe."

Lile neno "inawezekana" bado linaniuma. Makala haya ni maelezo ya kwa nini halikupaswa kunitoka, na nimeyaandika kwa ajili ya wenzangu wa sayansi ambao, kama mimi, wanalinganisha vimeng'enya kwa kuangalia sura.

Kinasi ni kitu gani?

Seli haina simu wala mjumbe wa nyumba kumi. Homoni ikigonga nje, habari husafiri ndani kwa protini moja kuigusa nyingine, na nyingine kuigusa ya tatu. Njia mojawapo kubwa ya kugusana huko ni kubandikana fosfeti. Kinasi ndicho kimeng'enya kinachobandika: kinachukua fosfeti ya mwisho kwenye ATP na kuihamishia kwenye protini nyingine, juu ya asidi amino ya serini, threonini au tairosini. Protini iliyobandikwa inabadilika tabia. Iliyokuwa imelala inaamka, iliyokuwa macho inalala, nyingine inahama kutoka sehemu moja ya seli kwenda nyingine. Kazi ikiisha, vimeng'enya vingine vinakuja kubandua.

Waliofungua njia hii ni Edmond Fischer na Edwin Krebs. Miaka ya 1950 walionyesha kwamba kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni huwashwa kwa kubandikwa fosfeti. Mwaka 1992 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Binadamu tuna kinasi zaidi ya 500. Karibu zote zina sehemu tendaji yenye umbo moja: tonge dogo juu, tonge kubwa chini, na katikati bonde ambamo ATP inakaa pamoja na magnesiamu. Umbo hilo lilionekana kwa undani mara ya kwanza mwaka 1991, kwenye kinasi iitwayo PKA, kazi ya kundi la Susan Taylor huko Marekani. Tatizo liko hapo hapo. Una vimeng'enya zaidi ya 500, vyote vinakula ATP ileile, kwa mdomo unaofanana. Ukitaka kuziba mdomo mmoja tu na mingine uiache, unaanzia wapi?

Ndugu wawili

Habari za SRC zilianzia kwa kuku. Mwaka 1911, huko New York, Peyton Rous alionyesha kwamba uvimbe wa kuku mmoja unaweza kumpata kuku mwingine kwa kumdunga majimaji yaliyochujwa, yasiyo na seli hata moja. Kisababishi kilikuwa kirusi. Baadaye, mwaka 1976, kundi la Michael Bishop na Harold Varmus lilionyesha kwamba jeni iliyokuwa ikileta uvimbe, yaani SRC, haikuwa mali ya kirusi. Kirusi kiliichukua kwenye seli za kawaida za kuku. Maana yake ni kwamba SRC ni mfanyakazi halali wa seli ambaye akikosa breki analeta balaa.

ABL ilijulikana kwa njia nyingine. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa wa CML. Mwaka 1973 Janet Rowley akaeleza ilikotoka: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Mabadilishano hayo huunganisha jeni ya ABL na jeni nyingine iitwayo BCR, na protini inayozaliwa, BCR-ABL, ni kinasi isiyozimika. Imatinibu ilitengenezwa kuizima, na Marekani iliiruhusu mwaka 2001. Ndiyo dawa ya baba mdogo.

ABL na SRC zote hubandika fosfeti kwenye tairosini. Ukilinganisha sehemu zao tendaji, karibu nusu ya asidi amino ni zilezile, na ukiangalia kuta za bonde la ATP pale dawa inapogusa, kufanana kunazidi. Kwa hiyo desa langu halikudanganya. Ni ndugu kweli.

Kilo na debe

Siku ya semina nilisimama na jedwali langu. Safu moja ABL, safu nyingine SRC, namba zimepangwa vizuri. Dokta akaniacha nimalize, kisha akauliza swali moja: "Hii ya ABL ilipimwa kwenye ATP kiasi gani? Na hii ya SRC?"

Sikujua. Namba za ABL nilizitoa kwenye makala moja, za SRC kwenye makala nyingine. Sikuwa nimesoma sehemu ya mbinu hata kidogo.

"Huyu umempima kwa kilo, yule umempima kwa debe," akasema, "halafu unatuambia nani mzito."

Darasa likacheka. Mimi nilikaa chini, na usiku ule ndipo nilipoanza kusoma upya, kuanzia namba mbili ambazo wote tulizikariri mwaka wa kwanza: kcat na Km.

Chukua mama lishe wawili nje ya geti la chuo. Kila mmoja ana kasi yake ya juu kabisa, sahani ngapi kwa dakika pale foleni isipokatika. Hiyo ndiyo kcat. Lakini wanatofautiana pia kwa jambo la pili. Mmoja, hata wakija wateja watano tu, ameshafika nusu ya kasi yake. Mwingine mpaka wafike hamsini ndipo anachangamka kiasi hicho. Idadi ya wateja inayomfikisha mtu kwenye nusu ya kasi yake ndiyo Km. Km ndogo maana yake anatosheka na wachache. Ukiwapima saa saba mchana, foleni imejaa, utaona kcat tu na Km itakupita. Ukiwapima saa nne asubuhi, wateja wachache, unachokiona ni kcat gawanya kwa Km, yaani ufanisi wao wakati wa uhaba. Mtu akikwambia "huyu ana kasi kuliko yule" bila kutaja saa, hajakwambia kitu.

Kwenye kinasi kuna nyongeza ambayo wengi tunaisahau: malighafi ni mbili. Kuna ATP, na kuna protini inayobandikwa. Kwa hiyo Km ni mbili, na lazima useme unazungumzia ipi.

Sasa ingiza dawa. Imatinibu inagombania nafasi na ATP. Dawa ya namna hii hupimwa kwa namba iitwayo IC50, yaani kiasi cha dawa kinachopunguza kasi ya kimeng'enya kwa nusu. Ubaya wa IC50 ni kwamba haitegemei dawa peke yake. ATP ikiwa nyingi, dawa nayo itabidi iwe nyingi ili ishinde. Namba inayoeleza jinsi dawa inavyoishika kinasi yenyewe ni Ki, na uhusiano wao ni huu:

IC50 = Ki × (1 + ATP ÷ Km ya ATP)

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone madhara yake. Kinasi A ina Km ya ATP ya maikromola 10. Kinasi B ina Km ya maikromola 100. Dawa inazishika zote sawa, Ki ni nanomola 10. Maabara ya kwanza inapima A kwa ATP ya maikromola 10 na kupata IC50 ya nanomola 20. Maabara ya pili inapima B kwa ATP ya maikromola 100, nayo inapata nanomola 20. Ukiziweka kwenye jedwali kama langu zinalingana kabisa, unatabasamu.

Pima zote mbili kwa ATP ya maikromola 100. A inakuwa nanomola 110, B inabaki 20. Sasa nenda ndani ya seli, ambako ATP hufika milimola kadhaa. Tuseme ni milimola 2, yaani maikromola 2,000. A inapanda hadi nanomola 2,010 na B inakuwa 210. Dawa ni ileile, mshiko ni uleule, lakini ndani ya seli A inahitaji dawa karibu mara kumi ya B. Mtu aliyetazama zile 20 na 20 angeandikia watu wote dozi moja.

Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa la vipimo. Nikafikiri nikilirekebisha mambo yatanyooka. Hayakunyooka.

Ukipima sawasawa, tofauti bado ipo

ABL na SRC zikipimwa bega kwa bega, katika hali zilezile, imatinibu inaishika ABL zaidi ya mara 1,000 kuliko inavyoishika SRC. Ndugu wenye kuta karibu sawa za bonde la ATP! Na kuna ajabu zaidi. Imatinibu inaishika vizuri kinasi nyingine iitwayo KIT, ambayo kwa ukoo iko mbali na ABL kuliko ilivyo SRC. Ndiyo maana dawa hiyo inatumika pia kwa uvimbe wa GIST, ambao huota kwenye njia ya chakula na mara nyingi husababishwa na KIT iliyokosa breki. Mtu akisikia "njia ya chakula" anaweza kudhani ni ugonjwa uleule wa Mama Neema. Sio. Saratani ya kawaida ya utumbo mpana ni ugonjwa mwingine.

Kwa nini SRC inaponyoka? Ndani ya bonde kuna asidi amino tatu zinazofuatana, kwa herufi za kikemia D, F na G. Kinasi ikiwa kazini zinakaa kwa namna ambayo D inashika magnesiamu iliyobeba ATP. Kinasi ikipumzika zinaweza kugeuka, na zikigeuka nyuma yake kunafunguka chumba cha ziada. Imatinibu ni molekuli ndefu. Upande mmoja unakaa mahali pa ATP na upande wa pili unaingia kwenye chumba hicho. Maelezo ya mwanzo, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeyakariri, yalikuwa mepesi: ABL inaweza kugeuka hivyo, SRC haiwezi.

Mwaka 2007 ikatolewa picha ya SRC ikiwa imeshikana na imatinibu, iliyopatikana kwa kupiga eksirei fuwele za protini. SRC ilikuwa imegeuka, karibu sawasawa na ABL. Yaani ndugu anaweza kukaa mkao uleule, na bado dawa haimshiki vizuri.

Jibu lililofuata lilitoka kwa watu waliopima mwendo badala ya kupiga picha. Mwaka 2014 kundi la Dorothee Kern wa Brandeis, Marekani, lilichunguza hatua moja moja dawa inavyoingia. Kwa ufupi, kuingia kwenyewe hakuzitofautishi sana ABL na SRC. Tofauti kubwa inakuja baada ya dawa kuingia, pale protini inapojikunja kuizunguka. Kwa ABL mkunjo huo unashika hasa, kurudi nyuma ni shida. Kwa SRC unaachia kirahisi, na dawa inatoka. Picha inakuonyesha mlango umefungwa, lakini haikuonyeshi kama komeo limeingia.

Mwaka uliofuata kundi hilo likafanya jambo ambalo binafsi lilinisisimua. Kwa kulinganisha mpangilio wa asidi amino wa kinasi za sasa, walikadiria mpangilio wa babu yao wa pamoja wa takriban miaka bilioni moja iliyopita, wakazitengeneza protini za mababu maabara na kuzipima. Babu wa pamoja wa ABL na SRC aliishika imatinibu kwa kiwango cha katikati. Wajukuu upande mmoja wakaelekea kushika zaidi, upande wa pili wakaelekea kuachia. Hakuna aliyewapangia, kwa sababu dawa haikuwepo.

Swichi zao pia si moja

Kuna tofauti nyingine ambayo ukipima kipande tendaji peke yake huioni kabisa. Ndani ya seli kinasi hizi zina vipande vingine vinavyozifunga breki. SRC ina tairosini karibu na mkia. Ikibandikwa fosfeti, kipande kingine cha SRC yenyewe kinaukamata mkia huo na protini nzima inajikunja kimya. ABL haina tairosini hiyo ya mkiani. Yenyewe hutumia kipande cha asidi ya mafuta kilicho upande wa kichwa, ambacho hurudi na kujichomeka kwenye shimo chini ya tonge kubwa. ABL inapounganishwa na BCR, kichwa hicho kinapotea na breki inakwenda nacho.

Ujuzi huo umezaa dawa. Asiminibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021 kwa wagonjwa wa CML, inakaa kwenye lile shimo lililobaki tupu. Kwa kuwa shimo liko mbali na bonde, dawa hii haigombanii nafasi na ATP, kwa hiyo ile hesabu ya kilo na debe tuliyofanya juu haiihusu. Dasatinibu nayo, iliyoruhusiwa mwaka 2006, inazikamata ABL na SRC zote mbili, kwa sababu haihitaji chumba kile cha ziada. Unaona basi, dawa tatu za kinasi moja, na kila moja inatoa jibu lake ukiiuliza kama ABL na SRC ni ndugu.

Nilivyomjibu baba mdogo

Nilimpigia kesho yake usiku. Nikamwambia kwanza kwamba nilikosea, kisha nikamweleza kwa lugha ya dukani. Dawa yake imekatwa kwa kufuli moja. Kufuli la Mama Neema hata kama limetoka kiwanda kimoja na lake, ufunguo unaingia lakini hauzungushi. Zaidi ya hapo, ugonjwa wake yeye umesimama juu ya BCR-ABL, ukiizima umeukata miguu. Saratani ya utumbo mpana ina miguu mingi na SRC ni mmoja tu kati ya hiyo. Daktari wa Mama Neema ndiye anayejua aanzie wapi.

Nikamwambia na la tatu, ambalo kwangu ndilo lililoniogopesha zaidi. Vile vidonge angevigawa angebaki na nusu dozi. Kupunguza dozi au kuruka siku kunaupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Na BCR-ABL inajua kubadilika: asidi amino moja tu, ya namba 315, ikibadilika kutoka threonini kuwa isolusini, imatinibu haiishiki tena. Yaani kwa "inawezekana" yangu, Mama Neema asingepona na baba mdogo angeweza kuanza kuugua upya.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo nisimpe."

"Usimpe hata kimoja."

"Basi wiki ijayo nikienda kliniki nitakwenda naye, akaonane na madaktari wa huko." Na alikwenda naye kweli.

Kwenye semina nilipata alama za kupona sapu, si zaidi. Dokta aliniruhusu niandike upya, na nimejifunza kabla ya kulinganisha vimeng'enya viwili nijiulize mambo matatu. Je, vimepimwa katika hali moja: ATP kiasi gani, joto gani, protini gani inabandikwa? Je, iliyopimwa ni protini nzima au kipande tendaji tu, na yenyewe ilikuwa imeshabandikwa fosfeti au bado? Na namba ninayoisoma inaeleza nini hasa: kasi ya kimeng'enya, mshiko wa dawa, au muda dawa inaokaa kabla ya kutoka? Mkiwa na desa lisilojibu maswali hayo, wenzangu, rudini kwenye makala yenyewe na msome sehemu ya mbinu, ile tunayoirukaga wote.

Jedwali langu jipya lina safu tatu zaidi kuliko la kwanza. Nafasi mbili kwenye upande wa SRC nimeziacha wazi, kwa sababu sijapata namba zilizopimwa katika hali sawa na zile za ABL. Dokta alipoliona akaweka alama ya vema kwenye zile nafasi wazi kabla ya kusoma zilizojazwa.